Linka, kumbukumbu na daftari la karani: historia fupi ya kuunganisha programu kubwa

Ukijenga programu kubwa kutoka msimbo chanzo kwenye mashine ndogo, mara nyingi mambo huenda vizuri mpaka hatua ya mwisho kabisa. Kompaila imekesha ikisaga faili moja baada ya nyingine, feni imelia usiku kucha, halafu asubuhi unakuta mstari huu kwenye skrini:

collect2: fatal error: ld terminated with signal 9 [Killed]

Maana yake ni kwamba linka iliomba kumbukumbu nyingi kuliko zilizopo, na kerneli ikaiua ili mashine nzima isikwame. Ukijenga upya bila alama ya -g, yaani bila taarifa za utatuzi, programu inaungana bila matata. Shida ni kwamba programu hiyo ikianguka kesho hutaweza kumwambia mtu yeyote imeangukia wapi.

Mimi niko Kianyaga, Kirinyaga, chini ya mlima. Kompyuta nyingi ninazoziona hapa, Kerugoya na Kutus ni za mtumba, zilizokwisha tumika ofisini ng'ambo kabla ya kuja kwetu. Kwa hiyo suala la linka kula kumbukumbu haliko mbali nasi. Linaamua nani anaweza kurekebisha programu huria na nani atabaki kuitumia tu kama alivyoipokea. Hebu tufuate historia yake tangu mwanzo, maana ukiijua utaelewa pia kwa nini zile alama za ajabu unazoambiwa uongeze kwenye amri ya kuunganisha zinafanya kazi.

Linka ni nini hasa?

Wanaolima majani chai watanielewa haraka. Mkulima wa huku anapeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Karani anapima, anaandika namba ya mkulima na kilo zake, anatoa risiti. Kisha majani ya watu wote yanapakiwa lori moja kwenda kiwandani, tuseme Kimunye. Yakifika huko huwezi tena kuonyesha kwa kidole na kusema jani hili ni la fulani. Kinachobaki ni daftari.

Kompaila hutengeneza faili nyingi ndogo, zile zinazoishia na .o. Kila moja ina maagizo ya mashine, lakini ina mapengo: hapa inaitwa fanksheni iliyo katika faili nyingine, pale inatajwa data ambayo anwani yake haijulikani bado. Kazi ya linka ni kukusanya faili zote, kuzipanga mahali pamoja, kujua kila simboli imeangukia anwani gani, na kurudi kujaza mapengo hayo moja moja. Kwa kila pengo, faili ya .o inabeba agizo dogo linalosema: "nenda mahali fulani, andika hapo anwani ya kitu fulani." Tutayaita maagizo ya marekebisho. Yashike akilini, kwa sababu ndiyo mshukiwa wetu mkuu.

Taarifa za utatuzi ndizo daftari la karani. Zinasema maagizo haya ya mashine yalitoka mstari wa 214 wa faili fulani, kigeu hiki kinakaa kwenye rejista ile, na klasi hii ina sehemu hizi na hizi. Programu ikikimbia haizihitaji hata kidogo. Anayezihitaji ni dibaga, pale mambo yanapoharibika.

Kazi iliyozaliwa katika uhaba

Ni vizuri kukumbuka kwamba kuunganisha programu kulizaliwa wakati kumbukumbu zilikuwa haba kupita kiasi. Mwaka 1947 John Mauchly alikwisha zungumzia haja ya kuhifadhi vijiprogramu katika maktaba na kuvihamisha mahali popote kwenye kumbukumbu wakati wa kuvipakia. Mwaka 1949 kompyuta ya EDSAC ilianza kazi huko Cambridge, Uingereza, ikiwa na nafasi za maneno 512 tu mwanzoni. David Wheeler aliandika maagizo ya kwanza ya kupakia programu kwenye mashine hiyo, na toleo la kwanza lilikuwa na maagizo 31. Toleo lililofuata liliweza kurekebisha anwani za vijiprogramu vya maktaba wakati yanasomwa kutoka utepe wa karatasi.

Ni maagizo 31 peke yake. Leo tunalia kwamba linka haitoshi katika gigabaiti 4. Tofauti haikuletwa na uvivu wa watu wa leo, ila na ukubwa wa daftari.

Stabs, halafu DWARF

Katika Unix ya mwanzo meza ya simboli ilikuwa fupi: jina, aina, anwani. Watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotaka dibaga nzuri zaidi, Peter Kessler alibuni njia ya kuchomeka taarifa za ziada ndani ya meza hiyo hiyo kwa ajili ya pdx, dibaga ya lugha ya Pascal. Njia hiyo ikaja kuitwa stabs. Ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi: linka haikulazimika kuelewa chochote kipya, ilichukua maneno na kuyapitisha.

Hata hivyo stabs ilionyesha mapema ugonjwa ambao ungetusumbua baadaye. Katika C, na zaidi katika C++, faili moja ya heda husomwa na mamia ya faili nyingine. Kila moja inapojengwa, kompaila inaandika upya maelezo yote ya heda ile. Ukiwa na faili 500 zinazotumia heda moja, una nakala 500 za maelezo yale yale. Watu wa stabs waliweka alama za mwanzo na mwisho wa kila heda, ili linka ilinganishe na kutupa nakala zilizofanana. Ilisaidia, lakini angalia sharti lake: ili linka ijue kwamba hiki imekwisha kiona, ni lazima ikumbuke kila ilichokiona.

Mwaka 1988, katika Bell Labs, Brian Russell alibuni muundo mwingine kwa ajili ya kompaila ya C na dibaga ya sdb katika Unix System V toleo la 4. Mfumo huo ulikuja na muundo mpya wa faili unaoitwa ELF, jina la kiumbe mmoja wa hadithi za Ulaya, na kwa mzaha muundo wa taarifa za utatuzi ukaitwa DWARF, yaani mbilikimo. Mbilikimo wa kwanza alikuwa mnene. Maelezo yake yalichukua nafasi kubwa mno, na kikundi kilichokuwa chini ya Unix International kikatengeneza toleo la pili mwaka 1993, lenye vifupisho: badala ya kuandika upya umbo la kila taarifa, unaandika namba inayoelekeza kwenye meza ya maumbo. Toleo la tatu lilikamilika mwishoni mwa 2005, la nne 2010, la tano 2017. DWARF ndiyo iliyoshinda. GCC yenyewe iliondoa uwezo wa kutoa stabs katika toleo la 13, mwaka 2023.

Kumbukumbu zinaliwa na nini?

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuuma. Taarifa za DWARF zimejaa marejeo. Jina la kila kigeu, fanksheni na klasi haliandikwi papo hapo, linawekwa katika sehemu ya maneno inayoitwa .debug_str, na mahali pake inaandikwa namba ya baiti 4 inayoelekeza huko. Namba hiyo haijulikani mpaka linka ikusanye maneno ya faili zote. Kwa hiyo kila jina linahitaji agizo la marekebisho.

Katika mashine za Intel na AMD za biti 64, agizo moja la marekebisho lina baiti 24: 8 za mahali, 8 za simboli na aina, 8 za nyongeza. Yaani unabeba baiti 24 ili urekebishe baiti 4. Tuseme programu yako ina faili 3,000 na kila moja ina marejeo 20,000 ya aina hii. Jumla ni marejeo milioni 60. Kinachorekebishwa ni megabaiti 240. Maagizo ya kurekebisha ni gigabaiti 1.44. Hapo hatujahesabu meza za simboli, maneno yenyewe, wala taarifa nyingine.

Linka ya GNU, ile tunayoiita ld, iliandikwa juu ya maktaba ya BFD, ambayo kusudi lake ni kusoma aina nyingi za faili kwa njia moja. Wema wa BFD ni kwamba inafanya kazi karibu kila mahali. Gharama yake ni kwamba inageuza data ya faili kuwa umbo lake la ndani, na kwa kawaida inayahifadhi iliyokwisha yasoma ili isirudi tena kwenye diski. Kwenye seva yenye kumbukumbu tele huo ni uamuzi wa busara. Kwenye mashine ya megabaiti 512 ni msiba, kwa sababu kerneli itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski itasaga mchana kutwa. Stima ikipotea kabla haijamaliza, unaanza upya.

Kuna pia ukuta wa pili ambao fedha haziwezi kuubomoa. Programu ya biti 32 haiwezi kutaja zaidi ya gigabaiti 4 za anwani, na kwenye Linux kwa kawaida inapata 3 tu, nyingine ni za kerneli. Ukinunua RAM mpaka ujaze kabati, linka ya biti 32 haitaziona. Desemba 2011 Mozilla, watu wenye mashine nyingi kuliko mji wetu mzima, waligonga ukuta huo kwenye Windows: linka ilipokuwa ikiunganisha Firefox huku ikiboresha programu nzima kwa pamoja ilifikia ukomo wa gigabaiti 3, na wakalazimika kufunga mlango wa kupokea mabadiliko mapya. Kesi yao ilitokana na uboreshaji zaidi kuliko taarifa za utatuzi, lakini ukuta ni ule ule. Dawa ilikuwa ya kizamani: kupunguza mzigo. Baadhi ya vipande vilitolewa kwenye maktaba kubwa ya libxul na kuwekwa pembeni katika maktaba nyingine.

Jambo OpenOffice na swali la nani anajenga

Sasa turudi Afrika Mashariki. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org 1.1.3 kwa Kiswahili. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kuandika barua kwa Kiswahili kwenye kompyuta alipaswa kwanza kujua Kiingereza cha kwenye menyu. Kilinux walikaa chini wakatengeneza msamiati, wakatafsiri maelfu ya maneno na sentensi fupi, na wakaonyesha kwamba lugha yetu haikosi maneno ya kazi hii.

OpenOffice haikuwa programu ndogo. Ilianza Ujerumani kama StarOffice ya kampuni ya Star Division, ikanunuliwa na Sun mwaka 1999, na msimbo wake ukafunguliwa Oktoba 2000. Ilikuwa na mamilioni ya mistari, sehemu kubwa ikiwa C++, lugha ile ya heda zinazorudiwa. Tafsiri haikuwa kitu cha kudondosha tu ndani ya programu iliyokwisha kamilika: maneno yaliingizwa katika msimbo chanzo, na kila lugha ikajengewa faili zake wakati wa kujenga programu.

Ndiyo maana nasema suala la linka si la wataalamu peke yao. Fikiria mtafsiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Kianyaga ambaye anaona programu inaanguka kila anapofungua kisanduku fulani chenye maneno marefu ya Kiswahili. Kiswahili kina maneno marefu, hilo halina ubishi. Akitaka watu wa mradi wamsikilize, atawapelekea orodha ya fanksheni zilizokuwa zinaitwa wakati wa kuanguka. Ili aipate anahitaji toleo lenye taarifa za utatuzi. Ili alijenge anahitaji kumbukumbu ambazo hana. Ripoti inayosema "inaanguka tu" hukaa kwenye orodha mpaka isahaulike, na anayeitumia programu kwa Kiingereza huko kwenye mashine kubwa hataona kasoro hiyo maisha yake yote.

Waandishi wa OpenOffice walilijua tatizo hili, kwa sababu hata wao liliwauma. Desturi yao ilikuwa kujenga programu yote bila taarifa za utatuzi, kisha kuingia katika moduli moja tu unayoichunguza na kuijenga upya kwa kuongeza debug=true. Kwa kuwa OpenOffice ilikuwa maktaba nyingi ndogo badala ya programu moja kubwa, mbinu hiyo ilitosha. LibreOffice, iliyojitenga Septemba 2010, iliichukua desturi hiyo na kuirasimisha. Unaweza kuandika hivi:

--with-lang="sw-TZ" --enable-symbols="sw/ vcl/"

Hapo unasema nataka Kiswahili, na nataka taarifa za utatuzi za kiandika barua na za sehemu inayochora madirisha, basi. Kwa bahati ya kuchekesha, sw hapa ina maana mbili. Kwenye lugha ni Kiswahili. Kwenye folda ni StarWriter, jina la zamani la kiandika barua.

Njia tatu za kupunguza mzigo

Ukiangalia historia yote, utaona watu wamekuwa wakirudia mawazo matatu.

La kwanza ni kuandika machache kwenye daftari. Desturi ya moduli moja ya OpenOffice iko hapa. Alama ya -g1 ya GCC iko hapa pia: inatoa majina ya fanksheni na namba za mistari, inaacha vigeu vya ndani. Kwa kujua programu ilianguka wapi, hiyo inatosha. Debian wameitumia kwa WebKit kwenye mashine zao dhaifu, kwa sababu WebKit yenye taarifa kamili haikuwezekana kuunganishwa huko. Hapa pia tunaweka wazo la DWARF ya nne la kuipa kila aina ya data saini ya biti 64 inayotokana na MD5, ili linka itambue nakala kwa saini na kuzitupa bila kuzisoma ndani.

La pili ni kutohifadhi ulichokwisha soma. ld ina alama ya --no-keep-memory, inayoiambia isome meza upya kila inapozihitaji badala ya kuzibeba. Iko pia --reduce-memory-overheads, inayochagua njia ya kizamani ya polepole mahali ambapo njia mpya ya haraka ilihitaji takriban asilimia 40 zaidi ya kumbukumbu za simboli wakati wa kuandika ramani ya muungano. Unalipa kwa muda. Kwa mwenye mashine ndogo biashara hiyo ina faida, maana linka inayochukua dakika 40 ni bora kuliko ile inayouawa baada ya dakika 10.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote, ni kuacha daftari kituoni. Lori halina haja ya kubeba vitabu vya makarani wote kwenda kiwandani. Kinachotosha ni kujua majani haya yalitoka kituo kipi, na siku ya ugomvi mtu ataenda huko kufungua kitabu. Sun walifanya hivyo kwenye Solaris zamani: stabs zilibaki katika faili za .o, na ndani ya programu ikawekwa faharasa tu. Apple walichukua njia hiyo hiyo kwenye Mac. Linka yao hainakili DWARF. Inaandika ramani ya kuonyesha kila kipande kilitoka faili gani, na anayetaka kukusanya yote pamoja anatumia programu nyingine, dsymutil, kwa wakati wake.

Kwa upande wa Linux wazo hilo lilichelewa. Lilikuja kupitia Google, ambao programu zao zilikuwa kubwa mno na zimeunganishwa kuwa faili moja moja. Cary Coutant na wenzake walilianzisha mwaka 2011 kwa jina la Fission, likaingia GCC 4.8 mwaka 2013 kama -gsplit-dwarf, na hatimaye likawa sehemu ya DWARF ya tano. Kompaila inagawa taarifa mara mbili. Sehemu ndogo inabaki kwenye .o na kupita kwenye linka. Sehemu kubwa inaandikwa kwenye faili ya .dwo ambayo linka haiigusi kamwe. Ili hilo liwezekane walipanga upya mambo ili .dwo isihitaji marekebisho yoyote: anwani zote zimewekwa kwenye meza moja, na maelezo yanataja namba ya mstari katika meza hiyo. Yale maagizo ya baiti 24 ya mfano wetu yakapungua sana kwa mpigo mmoja.

Linka mpya zinaelekea wapi?

Machi 2008 Ian Lance Taylor wa Google alitoa linka iitwayo gold, iliyoandikwa upya bila BFD kwa ajili ya ELF peke yake. Alieleza kwamba ld ilikuwa inapitia meza nzima ya simboli mara 13, na gold mara 3. Alijali pia wenye mashine ndogo: gold ilikuwa na alama za kuizuia isishike faili zima kwenye anwani zake, kwa sababu ya ukuta ule wa biti 32. Baadaye Rui Ueyama aliandika upya lld ya mradi wa LLVM kuanzia 2015, kisha mold, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2021. Kwa kasi, mold inatia aibu wengine wote.

Lakini tazama mwelekeo. Linka za karibuni zinatafuta kasi kwanza, kwa kutumia viini vingi vya prosesa na kushika faili zote kwa pamoja. Zimeandikwa na watu ambao shida yao ni sekunde. Nayo gold, iliyowakumbuka wa gigabaiti 3, ilitangazwa kuwa inastaafu katika binutils 2.44, Februari 2025, kwa kukosa wa kuitunza. ld mzee bado yupo, na zile alama zake za kubana kumbukumbu bado zinafanya kazi.

Ukiwa na mashine ndogo leo

Kwa anayetaka kujenga kitu kikubwa kwenye laptopu ya gigabaiti 4, huu ndio mpangilio unaotokana na historia hii.

Kwanza, hakikisha hauunganishi vitu viwili kwa wakati mmoja. make -j4 inafaa kwa kompaila, lakini mwishoni inaweza kuamsha linka nne zikigombania kumbukumbu zile zile. LLVM wana LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS kwa ajili hiyo. Iweke 1.

Pili, tumia -g1 kwa programu yote, na -g kamili kwa folda unayoichunguza tu.

Tatu, ongeza -gsplit-dwarf kama mradi unaikubali. Usifute faili za .dwo baada ya kujenga, maana hizo ndizo daftari lenyewe.

Nne, ukibaki na ld, ongeza -Wl,--no-keep-memory.

Tano, jiulize kama unahitaji kujenga kabisa. Tangu 2007 Fedora walipoanza kuipa kila programu kitambulisho chake cha ujenzi, imewezekana kuoanisha programu na taarifa zake hata zikiwa mbali. Mwaka 2019 ikaja debuginfod, seva inayompa dibaga wako faili anazozihitaji kupitia mtandao. Ni wazo lile lile la kuacha daftari kituoni, ila kituo sasa kiko ng'ambo na nauli yake ni bando. Kwa faili moja au mbili, bando hiyo ni rahisi kuliko kununua RAM.

Kilinux walithibitisha kwamba wenye lugha wanaweza kuipeleka lugha yao ndani ya programu kubwa. Kuibakisha humo ni kazi nyingine, ya kila toleo, kila kasoro, kila kisanduku kinachokataa neno refu. Kazi hiyo inafanywa na wale wanaoweza kujenga programu kwenye mashine walizo nazo, si walizoahidiwa. Kila baiti iliyopunguzwa kwenye linka inaongeza idadi yao.

Safari ijayo tutafungua faili moja ya .dwo kwa readelf tuone kilichomo ndani.